Mkaguzi wa Mashamba ya Kioo

Kosa litakaloanikwa hapa ni la kuhukumu bila kuuliza. Huwapata zaidi waliosoma kuliko wasiosoma, kwa sababu msomaji huzoea kuyakuta majibu vitabuni, na hatimaye husahau kwamba yako majibu mengine yaliyomo vifuani mwa watu, nayo hayatoki mpaka mtu aulize. Nalitaja mapema ili msomaji asije akamtafuta mkosaji kwa mzee nitakayemweleza. Mkosaji ni mimi.

Tulimwita Bwana Shamba, kama watu wa huku wanavyomwita kila afisa wa kilimo anayetembelea wakulima, na jina hilo lilibaki naye alipostaafu. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mhariri wa jarida la chama chetu cha ushirika, kurasa kumi na sita kila mwezi, linalochapishwa Kisumu na kusomwa na wakulima kutoka Kisian hadi Muhoroni. Kazi hiyo nilipewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Nilipoipata niliilinda kwa ukali, nikafuta misemo ya mitaani na kurekebisha sentensi za watu wazima kana kwamba ni madaftari ya kidato cha pili.

Mara ya kwanza Bwana Shamba aliponiletea makala ilikuwa karatasi tatu za fulskapu, mwandiko wa ofisini, umeinama kidogo upande wa kulia. Juu aliandika: Ukaguzi wa Shamba. Nilisoma kwa furaha. Alieleza mteremko wa ardhi, umbali kati ya mashimo ya mbegu, hali ya zizi. Katika aya ya tatu nikasoma kwamba ng'ombe wa shamba hilo akipapaswa kichwani kila asubuhi hutoa maziwa maradufu, na kwamba stroberi zake huiva kwa siku nane. “Anayezila,” aliandika, “na amwone daktari.”

“Bwana Shamba,” nikamwuliza, “shamba hili liko wapi?”

“Liko mfukoni.” Akatoa katika koti mashine ndogo ya gemu, ya kushikwa kwa mikono miwili, kioo chake kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi. “Mwalimu, kamati ya chama imesema inataka ukurasa wa vijana. Vijana wanalima humu. Mimi nimeenda kuwakagua.”

Ningemkatalia, lakini kamati ilikuwa imekwisha kumkubali. Ndivyo ilivyotokea kwamba jarida la wakulima, lenye habari za ruzuku ya mbolea na magonjwa ya kuku, likawa na ukurasa wa mapitio ya michezo ya kilimo: ya mashine kubwa zinazounganishwa na televisheni na ya zile ndogo za mkononi. Nami, niliyewakanya wanafunzi wangu juu ya michezo hiyo kwa miaka ishirini, nikawa mtu wa kwanza kusoma kila mapitio, na mara nyingi, nakiri, kwa hamu.

Hakuukagua mchezo kama mtu anayetafuta burudani. Aliukagua kama alivyowakagua wakulima. Swali lake la kwanza lilikuwa magugu. Mchezo usio na magugu aliuita bustani ya harusi. Swali la pili lilikuwa wezi, na wezi kwake walikuwa hata ndege, nyani na kiboko. “Mtunzi wa mchezo huu ameweka ziwa zuri sana mbele ya mahindi,” aliandika safari moja, “lakini hakuna kiboko anayetoka majini. Huyo ameliona ziwa katika kalenda.” Kuhusu mchezo mwingine alisema: “Mvua inanyesha siku tatu na hakuna tope. Mtunzi hajawahi kufuliwa suruali.” Msimu wa nne ulipokuja na theluji, alitumia sentensi moja tu: “Mkulima wa Kisian akijikuta hapa, alale.”

Alama alizitoa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo akina mama wa sokoni hupimia mahindi. Mchezo mbaya ulipata gorogoro mbili kwa kumi. Mzuri sana ulipata nane, na hapakuwa na mchezo uliovuka hapo. Nilipomwuliza sababu alinijibu bila kutabasamu: “Kumi ni ya Mungu. Tisa ni ya marehemu mama yangu.”

Kwa mchezo mmoja alihitaji wiki sita, akicheza miwili au mitatu kwa zamu. Wahakiki wengine, aliniambia, humaliza usiku mmoja kisha wakasema wamelima. Yeye alisubiri mavuno matatu. Alikuwa na daftari la kila shamba la kioo, lenye tarehe za kupanda na kupalilia, na ukilifungua hungeweza kujua kwamba udongo uliotajwa mle haukuwahi kumchafua mtu ukucha.

Michezo ya mashine kubwa aliichezea mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, katika duka la fundi mmoja. Fundi huyo alikuwa mama wa makamo, Mwislamu wa mjini, mwenye Kiswahili cha nyumba ambamo Pwani na bara zilioana zamani. Alitengeneza simu, redio na mashine za gemu, na nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye televisheni nne ambapo vijana walikodi saa za kucheza mpira. Televisheni ya pembeni, yenye rangi iliyofifia, aliwekewa Bwana Shamba. Naye kabla ya kukaa alivua viatu vyake vya ngozi, akatoa katika mfuko wa plastiki gambuti zake za kazini, akazivaa, ndipo akashika pedi ya kuchezea.

“Siingii shambani na viatu vya kanisani,” alisema.

Siku niliyokwenda huko kumfuata kwa sababu ya makala iliyochelewa, vijana walikuwa wakipiga kelele za mabao. Mmoja akamgeukia, akimwita mzee kwa Kijaluo: “Jaduong', hiyo ng'ombe yako imefunga ngapi?”

“Imefunga ndoa,” akajibu, macho yake yakiwa kwenye kioo. “Wewe bado.”

Chumba kizima kikacheka, hata fundi aliyekuwa mlangoni na waya mdomoni. Mimi sikucheka. Nilimwona mzee mwenye mvi, aliyelipwa na umma miaka thelathini kufundisha kilimo, amekaa mbele ya televisheni kwa gambuti, akimsihi ng'ombe wa picha aingie zizini. Niliona jambo la kuhuzunisha. Ndivyo nilivyojiambia. Sasa najua kwamba niliona jambo la kudharau, nikaliita huzuni ili nisijione mbaya.

Hakukosa kujipinga mwenyewe. Aliyewahimiza wakulima wasitupe mbolea ovyo, katika kioo aliimwaga kama chumvi. Aliyehubiri subira aliwatukana kuku wa mchezo kwa Kijaluo kizito ambacho sithubutu kukiandika. Jumamosi hakuigusa mashine, maana alikuwa Msabato wa kweli, na kwa kuwa mazao ya mchezo hayazeeki mashine ikizimwa, aliandika katika mapitio yake kwamba haya ndiyo mashamba pekee aliyopata kuyakagua yanayoiheshimu Sabato. Mchungaji mmoja alituandikia barua ya kulalamika. Mwingine aliomba nakala kumi.

Lakini ulikuwapo ukinzani mmoja ulionisumbua kuliko wote, nao haukuwa katika kioo. Bwana Shamba alikuwa na ardhi yake Kisian, ekari tatu hivi juu ya barabara ya Busia, katika boma alilojenga baba yake. Nilipita hapo kila wiki nikienda kumwona dada yangu. Majirani walikuwa na mahindi ya kiunoni, mtama, mihogo. Ya Bwana Shamba ilikuwa kichaka. Mbuzi wa watu walipotelea humo. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine, ikawa misimu kumi na minne bila jembe, na mkewe akawa ananunua mahindi sokoni Kibuye kama mke wa karani. Na kila mwezi mwenye ardhi hiyo alinikabidhi fulskapu tatu za kuwaonya wengine juu ya magugu.

Sikumwuliza. Niliandika tahariri.

Sikumtaja, lakini nani angekosa kumjua? Niliandika juu ya “wale wanaolima kwenye kioo huku ardhi ya baba zao ikimea gugu la kayongo kando ya barabara ya Busia.” Niliandika kwamba mkono uliozoea shamba lisilochosha husahau shamba linalolisha. Nilitumia methali mbili na aya moja ya Maandiko. Ilikuwa tahariri iliyojengwa vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwa sababu niliisoma mara tatu kwa kuridhika kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji.

Jarida lilipotoka alikuja nyumbani kwangu. Nikajitayarisha kwa ugomvi. Akaketi, akakubali chai, akaweka sukari yake vijiko vinne, akafungua ukurasa wa tahariri aliokuwa ameupigia mstari mwekundu mahali pamoja.

“Mwalimu, hapa pana kosa.”

“Bwana Shamba, mimi nilisema kwa ujumla tu.”

“Kayongo.” Akagonga neno hilo kwa ncha ya kalamu. “Maua yake ya zambarau unayajua, lakini tabia yake huijui. Kayongo haiwezi kuota peke yake. Inangoja mzizi wa mahindi, au wa mtama, au wa muwa, ndiyo iushike na kuunyonya. Shamba ambalo halijapandwa miaka saba haliwezi kuwa na kayongo hata moja. Mbegu zake ziko chini, zimelala, zinangoja mtu apande.” Akanywa chai. “Kile kichaka ni mshomoro. Lantana. Sahihisha.”

“Ni hilo tu?”

“Jarida la wakulima haliwezi kukosea gugu.”

Akamaliza chai, akaniachia mapitio ya mwezi uliofuata, akaenda zake. Nilichapa sahihisho la mstari mmoja. Niliona aibu, naam, lakini ilikuwa aibu ya kukosea mmea.

Miezi minne baadaye niligundua jambo la ajabu katika makala zake. Alikuwa akikagua mchezo mpya wa mashine ya mkononi, mchezo wa matrekta na mashamba makubwa, miwa ikiwemo. Aya zake zilikuwa zile zile za siku zote, zimenyooka na zina adabu. Kisha, katikati, nikakuta sentensi za mtu mwingine. “Tela la miwa likijaa halikati kona hivi. Likikata hivi, dereva amekwisha kufa na tunamwimbia.” Na chini zaidi: “Gia ya pili kwenye kilima chenye tope? Ni nani alimpa huyu leseni?” Bwana Shamba hakujua kuendesha hata baiskeli. Nilikuwa na hakika ya hilo, kwa sababu kila mkutano wa chama alikuja kwa miguu na kujisifu kwa hilo.

Mhariri hujua mwandiko wa sauti kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ni nani huyu aliyekuwa akizungumza ndani ya makala ya mwenzake?

Nikatoa picha. Kila mapitio yalikuja na picha ya shamba la mchezo, ambayo fundi wa Kaloleni aliitoa katika mashine na kunitumia. Nilizipanga mezani kwa mfululizo wa miaka. Ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Katika kila picha, mchezo wowote, msimu wowote, mstari wa juu kabisa wa shamba ulikuwa mtupu. Umelimwa, umesawazishwa, haukutiwa mbegu. Mazao yalianzia mstari wa pili. Nikakumbuka kwamba niliwahi kuuona utupu huo nikadhani ni dosari, nikamwamuru mchapishaji akate picha zote upande wa juu ili zipendeze. Niliukata mstari ule kwa miaka bila kujiuliza ni wa nini. Na sasa, katika picha ya mchezo wa matrekta, mstari wa juu ulikuwa umejaa miwa.

Nilikwenda Kaloleni siku hiyo hiyo mchana. Fundi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo.

“Karibu, Mwalimu. Umeleta simu ama umeleta lawama?”

“Nimeleta swali.”

“Wewe?” Akainua macho. “Basi leo mvua itanyesha. Kaa hapo, usiguse huo waya.”

Nikampa picha mbili, ya zamani na mpya. Akazitazama kidogo tu.

“Huo mstari niliuona mwaka wa kwanza,” akasema. “Aliniletea mashine, betri imefura. Nikaitengeneza, nikafungua shamba yake nione kama inafanya kazi. Naona mstari wa kwanza hakuna kitu. Alipokuja nikamwambia, mzee, hapa juu umesahau. Akaniambia, sijasahau, si yangu. Nikamwuliza, ni ya nani?” Akaweka bisibisi chini. “Ni hivyo tu, Mwalimu. Niliuliza ni ya nani. Akakaa hapo ulipokaa, akanieleza mpaka adhana ya alasiri.”

Alichomweleza naweza kukisimulia kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu wa kwetu atakielewa. Kando ya ziwa hili, mbegu za msimu haziingii ardhini ovyo. Huingia kwa ukubwa. Wazazi wakiwa hai ni wao wanaoanza. Wakiisha kuondoka, mtoto wa kwanza ndiye anayefungua msimu kwa kupanda mstari wa kwanza, na wadogo humfuata. Mdogo akipanda kabla ya mkubwa wake aliye hai, amemhesabu miongoni mwa wafu. Bwana Shamba, katika miaka yake ya serikali, aliipinga desturi hii kwa nguvu zote. Nilimsikia mimi mwenyewe katika baraza akisema kwamba mvua haingoji mtu, awe mkubwa au mdogo, na kwamba njaa nyingi za kwetu zinatokana na watu kumngoja mtu mmoja. Kisha, ili kuwathibitishia watu, alifanya shamba la mfano palepale Kisian. Kaka yake mkubwa, dereva wa trekta katika mashamba ya miwa ya Muhoroni, alikuwa amechelewa kupata ruhusa kazini. Mvua ikanyesha. Bwana Shamba akaita wakulima, akapanda mbele yao.

Mahindi yakawa mazuri mno. Kaka akafika yakiwa ya magotini. Akayatazama, akasema maneno machache: “Umenizika nami ninapumua.” Akarudi Muhoroni. Akawakataza watu wa nyumbani kwake wasimtajie boma lile tena.

“Alimfuata mara mbili kuomba msamaha,” fundi akaniambia. “Mkubwa hakutoka nje ya nyumba. Basi huyu akarudi, akasema hatatia mbegu tena kwa hiyo shamba mpaka mwenye mstari aje. Kwenye kioo alipanda, maana huko hakuna anayezikwa, lakini mstari wa mkubwa alimwachia. Wewe uliona kichaka. Ile ilikuwa kungoja.”

“Lakini aliipinga desturi hiyo yeye mwenyewe!”

“Na bado anaipinga. Nilimwuliza hiyo pia. Aliniambia, kuhusu desturi nilikuwa na haki, kwa ndugu yangu sikuwa na haki.”

Katika miaka yote ya kusoma na kusomesha sikuwahi kusikia jambo hilo likitenganishwa kwa usafi namna ile.

“Na hii miwa?” nikauliza. “Nani amepanda mstari wa juu?”

Fundi akacheka kidogo. “Mimi huenda Muhoroni kila mwezi kuokota simu mbovu. Nilijua nyumba ya huyo mkubwa. Nyonga imemharibikia, hatembei bila fimbo mbili, anakaa mlangoni siku nzima anagombana na trekta zinazopita. Nikabeba mashine ya Bwana Shamba na gazeti yako.”

“Gazeti langu?”

“Ile uliyomtukana. Nilimsomea. Mzee akaniuliza, hiyo shamba gani ya Kisian haijalimwa? Nikamwambia, ya kwenu. Akasema, uongo, huyo hupanda kila mwaka, kichwa chake kigumu. Nikamsomea tena. Hajapanda miaka saba, nikamwambia, anakungoja. Mzee akasahau chai yake mpaka ikapoa.” Akaniona uso wangu, akainua kidole. “Usijipe sifa, Mwalimu! Wewe ulirusha jiwe. Mimi ndiye niliyeliokota, nikalifanya figa, nikapikia.”

“Sijipi.”

“Vizuri. Basi nikamwekea mashine mkononi. Nikamwonyesha ule mstari mtupu. Akaitazama weee, kisha akaniuliza trekta inawashwa wapi.”

Tangu hapo mashine ilikuwa ikisafiri. Bwana Shamba alilima, akasawazisha, akaacha mstari wa kwanza. Fundi akaibeba hadi Muhoroni. Mkubwa akapanda mstari wake, akatukana jinsi tela linavyokata kona, na fundi akaandika matusi yake kwenye karatasi. Mashine ikarudi. Bwana Shamba akapanda mistari iliyobaki, akaingiza maneno ya kaka yake katika mapitio kama yalivyokuwa, bila kugusa nukta. Kwa misimu yote ya mchezo ule ndugu wawili walilima pamoja, wala hawakuwa wamezungumza hata neno.

“Wamezungumza sasa?”

“Jumapili anakuja Kisian. Amesema anakuja kuona tu, hajasema atapanda. Bwana Shamba hajalala vizuri wiki nzima.” Akaichukua tena simu iliyofunguliwa. “Na wewe ukitaka kuuliza, njoo uulize huko.”

Nilikwenda. Mshomoro wote ulikuwa umeng'olewa na kuchomwa, na ekari tatu zilikuwa zimelimwa na kupigwa haro la kuvunja mabonge, udongo mweusi umelala wazi hadi kwenye ua. Hapakuwa na mbegu hata moja ardhini, ingawa mvua ilikuwa imenyesha mara mbili na majirani walikuwa wamemaliza kupanda. Kama mkubwa angeondoka bila kupanda, Bwana Shamba angeiacha tena irudi kichaka. Hakuhitaji kumwambia mtu hilo. Sote tuliokuwapo tulilijua: mkewe aliyeshika bakuli la mbegu, fundi aliyekuja kwa viatu visivyofaa tope, na mimi.

Mkubwa alishushwa katika gari la kukodi. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania, kofia ya kazi kichwani, fimbo mbili. Alitembea hadi ukingoni mwa shamba na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akasimama hapo, akazipima kona za shamba kwa macho.

“Hii haro imepigwa na nani?”

“Ni mimi niliyekodi trekta, owadwa,” akasema Bwana Shamba. Owadwa, yaani ndugu yetu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Dereva alikuwa amelewa. Tazama hiyo kona.”

“Alikuwa amelewa.”

Mkubwa akageuka akamtazama usoni. “Siku ile. Mbele ya watu wote wale. Uliniona nimekufa?”

Bwana Shamba akainama, akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole. Mtu huyu alikuwa na jibu kwa kila gugu. Upepo wa ziwani ukawa unapepea makoti yao.

“Niliona mvua,” akasema mwishowe. “Nilitazama mvua tu. Wewe sikukuona.”

Mkubwa akatikisa kichwa taratibu, kama dereva anayesikiliza injini na kupata mahali inapogonga. Kisha akampa mdogo wake fimbo moja, akanyoosha mkono wake mtupu kwa shemejiye. “Leta hiyo mbegu. Na kiti. Mnataka niiname hivi mnizike kweli?”

Kiti kikaletwa. Akakikalia pale kwenye udongo, jembe fupi mkononi, akachimba shimo la kwanza, akatia punje mbili, akafukia kwa kiganja. Kiti kikasogezwa. Shimo la pili. Mstari mzima alipanda hivyo, hatua kwa hatua, akiwalaumu wabebaji wa kiti kwamba wana mikono ya makarani, na ulichukua karibu saa nzima. Bwana Shamba alitembea nyuma yake akiwa ameshika ile fimbo kwa mikono miwili, wala hakutia mbegu yake hata moja mpaka kaka yake alipofika mwisho, akajifuta jasho na kusema, “Haya. Nini mnangoja? Mvua haingoji mtu.”

“Hayo maneno ni yangu,” akasema Bwana Shamba.

“Yalikuwa yako. Sasa yamepata mwenyewe.”

Wakacheka, mmoja kwanza, halafu mwingine, na mke wa Bwana Shamba akageukia ua, akafunika uso kwa leso.

Nilimfuata Bwana Shamba katika mstari wa pili nikamwomba radhi. Sikutumia methali. Nilimwambia kwamba nilipaswa kumwuliza, na kwamba nilikuwa na miaka saba ya kufanya hivyo. Alinisikiliza huku akipanda.

“Uliza sasa,” akasema.

Nikamwuliza kama ananiruhusu kuliandika jambo hili jaridani. Akafikiri mpaka shimo lililofuata.

“Andika. Lakini jina langu usiweke, wala la huyu mkubwa. Sisi ni wazee wawili tuliokosana juu ya kupanda, na katika wilaya hii tuko wengi. Weka jina la aliyeuliza.”

Fundi alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na ua, akikwangua tope katika viatu vyake kwa kijiti. Alisikia. “Msiniweke gazetini,” akapaza sauti. “Wateja watadhani nimeacha simu nimeanza kupatanisha wazee!”

“Andika, Mwalimu,” akasema Bwana Shamba.

Nimeandika. Anaitwa Zubeda.